Kuomba kurudi vitani si kumkimbia mke

Nikikaa na familia ya mwanajeshi ninayemtibu kiwewe cha vita, hawachelewi kuniambia: angekuwa anampenda mkewe, asingeomba kurudi kikosini. Nimechoka kulisikia neno hili, maana linawaumiza wote wawili.

Jinamizi, kushtuka, kukosa usingizi: hayo mnayajua. Msichokielewa ni ganzi. Aliyeishi chonjo usiku na mchana, mwili wake huzima hisia ili uhimili, wala hauchagui. Hofu ikizimwa, furaha nayo inazimika, na hamu ya kumpakata mtoto pia. Mke anaona amechokwa, kumbe mapenzi yapo ila hayana pa kutokea.

Kuhusu wenzake anaoomba kuwarudia kikosini, mtazameni Siegfried Sassoon, ofisa wa jeshi la Uingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Julai 1917 alitoa tamko la kuipinga vita hadharani. Badala ya kumshtaki, jeshi likampeleka hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kama mgonjwa wa mshtuko wa mabomu, jina la wakati ule la kiwewe cha vita. Alikuwa salama kabisa pale. Hata hivyo Novemba alikubali kurudi, na msimamo wake juu ya vita haukuwa umebadilika. Hakuweza kuvumilia kukaa salama huku askari wake wakiendelea kufa. Wilfred Owen, ofisa mwenzake aliyetibiwa hapohapo, alirudi Ufaransa 1918 akauawa tarehe 4 Novemba, wiki moja kabla ya vita kusimama.

Na msiniambie kiwewe ni woga. Vita hiyohiyo, Uingereza iliwapiga risasi askari 306 kwa utoro, woga na makosa ya aina hiyo. Msamaha ulitoka 2006, wao wakiwa kaburini.

Daktari wa Sassoon, W.H.R. Rivers, alikataa ushauri wa "sahau tu"; alitaka mgonjwa aikabili kumbukumbu yake. Nami hufanya hivyo, ingawa wapo wanaozidiwa nikiwasimulisha mapema, na siwezi kuwatambua wote kabla. Linaloninyima raha zaidi ni hili: Rivers aliwatibu watu ili warudi mstari wa mbele. Nikimsaidia askari hadi akalala usiku mzima, naye akarejeshwa kwenye kilekile kilichomvunja, nimemtibu? Sijapata jibu linaloniridhisha.

Enyi wake zao, msimwambie achague kati yenu na wenzake. Muulizeni majina yao, mmojammoja, na yule aliyekufa alikuwa mtu wa namna gani. Asipotaka, mwacheni, mumuulize siku nyingine. Wengi niliowaona wakianza kusema na wake zao, walianzia kwa huyo aliyekufa.