Bwawa la topesumu likifungwa halijafa

Kuna hii imani ya siku nyingi, kwamba mgodi ukiacha kumwaga topesumu, yaani tope la mabaki baada ya kuchuja madini, bwawani basi hatari imeisha, litakauka lenyewe na majani yataota juu. Naelewa inatoka wapi maana ukilitazama kwa nje ni kama kilima tu. Lakini Brumadinho kule Brazili, bwawa lilikuwa limeacha kupokea tope tangu 2016, na tarehe 25 Januari 2019 saa sita na nusu mchana likaporomoka, hakukuwa na tetemeko lolote. Watu 270 wakafa, wengi ni wafanyakazi na kantini yao ilijengwa chini ya bwawa, muda wa kula, inauma sana.

Shida ni maji ya ndani. Lile lilijengwa kwa kupandisha ukuta juu ya tope la zamani, likafika mita 86 hivi, ndani maji hayatoki vizuri na mvua inaongeza, sasa tope likilegea linageuka uji ghafla. Kwenye video ya kamera ya mgodi unaona ukuta mzima unashuka kwa sekunde chache tu.

Kwa hiyo kupima usalama wakati wa kulifunga ni kuuliza maji yako kimo gani ndani, tope limeshikana kiasi gani, na nani anaishi chini yake. Hata kulibomoa kuna hatari, mitetemo ya mashine inaweza kuliamsha, ndo maana Brazili sehemu zingine magreda yanaendeshwa kwa rimoti, dereva yuko mbali kabisa.