Visiwa vya Stockholm havivukwi kwa miguu

Kwenye matatu tukirudi Nairobi kutoka vilima vya Ngong, mwenzetu mmoja alishikilia kwamba ile njia ya visiwani Stockholm, Uswidi, ni kilomita 270 za kutembea tu: maji yakipwa, unavuka. Hayo ni mawazo ya pwani yetu. Bahari ya Baltiki karibu haina kupwa na kujaa. Ungoje hadi uote mvi!

Njia hiyo, iliyofunguliwa 2024, ni vipande vilivyotawanyika kwenye visiwa takriban 20, kuanzia Arholma kaskazini hadi Landsort kusini. Kati ya kipande na kipande unapanda feri ya abiria. Basi kinachokutawala ni ratiba, wala si magoti. Majira ya baridi feri hupungua sana.