Stori za waliopigana vita: tunayoyaamini na ukweli ulivyo

Kuna maneno watu wanayarudia sana ikija habari ya kuhifadhi stori za waliopigana vita, na ndiyo yanayofanya wazee wanaondoka na kila kitu kichwani.

Baya kuliko yote ni hili la "mzee hataki kuongea, muache". Jamani kunyamaza siyo kukataa. Harry Patch, Mwingereza aliyepigana Passchendaele kule Ubelgiji mwaka 1917, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, alikaa miaka 80 hivi hasemi kitu kuhusu vita hata nyumbani kwake, mpaka 1998 akiwa na miaka 100 ndo watu wa televisheni wakamfuata kumuuliza na akaanza kufunguka. Akasimulia kombora lilivyoua wenzake watatu tarehe 22 Septemba, na kwamba tarehe hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kumbukumbu, siyo ile ya kitaifa. Alifariki 2009 ana miaka 111. Asingeulizwa je?

Ila kuuliza nako kuna namna yake. Ukianza na "uliua wangapi" umeshaharibu, hapo hupati kitu tena. Muulize viatu vilikuwaje kwenye tope, walikula nini, nani alikuwa analala pembeni yake, barua za nyumbani zilifikaje, na akinyamaza nyamaza na wewe, usikimbilie swali lingine. Halafu wengine wanaamini kusimulia ni dawa kwa kila mtu, hapana, kuna ambao wakishaongea usiku hawalali, majinamizi yanarudi upya, kwa hiyo akisema inatosha basi inatosha, zima rekoda mpige stori zingine, na ukiona hali ni nzito tafuteni mtaalamu wa afya ya akili, usijifanye wewe ndo daktari.

Eti serikali ina mafaili yote? Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, Marekani, yakateketea mafaili kati ya milioni 16 na 18, na hayakuwa na kopi. Na hata faili likiwepo litakwambia jina, cheo na tarehe basi, halikwambii mtu aliogopa nini.

Halafu kuna hii ya kwamba stori ya kuandikwa ni ya mwenye medali. Mpishi, dereva, nesi, mbeba mizigo, wote walikuwepo vitani. Maktaba ya Bunge ya Marekani ina mradi ulioanza mwaka 2000 na hauangalii cheo, wanapokea mahojiano ya kuanzia dakika 30, au kumbukumbu zilizoandikwa kuanzia kurasa 20. Kinachoniuma ni ripoti ya 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wenyewe wamekiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa Vita vya Kwanza, na huenda wanafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Yaani hata jina!

Na jina ni kitu kikubwa sana. Watu wanadhani sanaa ya kumbukumbu lazima iwe sanamu la jenerali juu ya farasi, wakati ukuta wa Washington wa wanajeshi wa Marekani waliokufa vita vya Vietnam ni mawe meusi na majina zaidi ya 58,000 tu. Aliyeubuni ni Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21, na mwanzoni kuna watu waliupinga kwa nguvu zote wakasema ni aibu. Tangu ufunguliwe 1982 watu wanaenda pale wanatafuta jina la ndugu yao, wanabandika karatasi juu yake wanasugua na penseli taratibu, herufi zinatokea moja moja, wanaondoka nalo. Käthe Kollwitz naye, msanii wa Ujerumani, mwanae Peter aliuawa vitani 1914, akachonga baba na mama wamepiga magoti, kazi iliyokuja kuwekwa makaburini Ubelgiji 1932, na hakuna bunduki hata moja pale.

La mwisho ni la wanaosema kumbukumbu za wazee haziaminiki. Ni kweli tarehe zinachanganywa, jina la kijiji linakosewa, lakini dawa siyo kuitupa stori wala kumsahihisha ndani ya maneno yake. Andika kama alivyosema, weka maelezo yako pembeni, na usiipambe kwa milipuko ambayo hakuitaja. Msomee ulichoandika kabla hujakitoa, muulize nani aruhusiwe kukisikia na kipi kibaki kwa familia tu, halafu tunza rekodi sehemu mbili tofauti, manake simu zinapotea kila siku.