Matone ndani ya chupa ya maji si nta

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Dodoma: eti matone yakibaki ndani ya chupa tupu, imepakwa nta yenye sumu. Si kweli. Chupa hizo ni poliesta, jamii moja na nyuzi za mashati, na uso wake hauvuti maji sana, ndiyo maana tone hujikusanya.

Jaribu mwenyewe. Kata vipande viwili, kimoja ukisugue mshumaa. Hapo tone litainuka kama shanga, na ukikwaruza, kucha inatoka na weupe. Kile kingine kucha haiambulii kitu.

Kinachochanganya ni kwamba zipo poliesta zinazopakwa utando kweli, kama baadhi ya chupa za vinywaji vyenye gesi, ili gesi isitoroke. Huo si nta.

Tafadhali usiutume tena. Kina mama wanaouza maji stendi wanaumia.