Stata ikilia "tak", si lazima betri imekufa

Pikipiki ya zamani ikigoma, stata ikatoa "tak" moja na kunyamaza, wengi Dar es Salaam hukimbilia Kariakoo kununua betri. Mlio huo unasema tu kwamba rilei ya stata, yaani swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota ya stata, imevuta. Hausemi umeme umepotelea wapi.

Pima betri kwanza kwa mita ya volti, gia ikiwa huru. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hivi, ikiwa chini ya 12.2 ichaji, la sivyo vipimo vinavyofuata vitakudanganya. Kisha bonyeza stata huku ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, shuku betri, au mota ya stata iliyokwama. Ikibaki juu ya 11 na injini haizunguki, umeme unazuiwa njiani.

Waya wa hasi ndio unaosahauliwa zaidi. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, ubonyeze tena. Ikizidi volti 0.5, muungano umeoza. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba hata chini ya plastiki inayoonekana nzima. Fungua boliti, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, ndipo upake grisi.

Rilei nayo: pima kati ya boliti zake mbili nene huku umebonyeza. Ukisoma karibu volti zote za betri, sahani za ndani zimeungua. Badilisha rilei, betri iache.