Eti video nzuri hujisambaza yenyewe

Kazi yangu ni kuzitafutia video watazamaji. Sirekodi wala sihariri. Video huja kwangu ikiwa imekamilika, na mwenyewe huja akiwa amemaliza bajeti yote kwenye kamera na uhariri. Huja pia na imani zilezile nilizozisikia kwa aliyemtangulia. Nimezijibu kwa upole kwa muda mrefu, na upole umeniishia.

"Kizuri chajiuza"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema huisema kwa methali, na ukibishana na methali unaonekana hukulelewa. "Kaka, hii video ni kali, wewe ipakie tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo ni ya soko ambalo mnunuzi anapita mbele ya bidhaa na kuiona. YouTube peke yake hupokea zaidi ya saa 500 za video kila dakika. Hakuna anayepita mbele ya video yako. Haipo hata mezani, ipo nyuma kabisa ya ghala ambalo linazidi kujazwa.

Ushahidi ninaoupenda ni wa upinde wa mvua. Januari 2010 mtu mmoja alipakia YouTube video aliyoirekodi kwenye hifadhi ya Yosemite, Marekani: pinde mbili angani, na yeye nyuma ya kamera akishangaa, akicheka, akilia. Kwa karibu nusu mwaka ilikaa tu. Julai, mchekeshaji wa televisheni Jimmy Kimmel akaiweka Twitter, na ikaanza kutazamwa na mamilioni. Sasa niambie, ubora wake uliongezeka lini? Picha ni zilezile na kilio ni kilekile. Tofauti ni kwamba mtu mwenye hadhira inayopenda kucheka aliwaambia watu wake waitazame.

Mteja hapo hunijibu, "Si umeona? Haikutangazwa, Kimmel kaikuta mwenyewe." Ndiyo, kwa bahati, baada ya miezi sita. Mwenye miezi sita ya kusubiri na bahati ya aina hiyo hanihitaji mimi.

Upande wa pili kuna Kony 2012, video ya kampeni ya kutaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, akamatwe, ambayo watu huitaja kila mara kama video "iliyolipuka yenyewe". Shirika la Invisible Children liliitoa tarehe 5 Machi 2012, na ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara milioni 100, ingawa ina urefu wa karibu nusu saa. (Kwa hiyo yule anayesema video ikizidi dakika mbili haitazamwi, naye ajijibu hapa.) Yaliyomo yalikosolewa sana, Uganda kwenyewe na kwingineko, tena kwa haki, mimi naongelea usambazaji tu. Wanaosema ililipuka yenyewe hawataji kwamba shirika lile lilikuwa limezunguka kwa miaka kwenye shule na vyuo vya Marekani likionyesha filamu zake, hivyo siku ya kwanza tayari lilikuwa na vijana wengi waliosubiri kupewa la kufanya. Wala hawataji kwamba tovuti yake iliweka orodha ya watu maarufu 20 na watunga sera 12, na njia rahisi ya kumwandikia kila mmoja. Oprah Winfrey alipoipeleka kwa wafuasi wake, alikuwa ameshaombwa na watu wengi mno.

Halafu kuna wanaoutegemea mfumo wa mapendekezo. "Algorithimu itaichukua." Itaichukua kwa kuangalia nini? Mfumo ule hupima tabia za watu: nani alibofya, alikaa muda gani, aliondokea wapi, akaenda kutazama nini. Video ambayo haijatazamwa haina cha kupimwa. Ndiyo maana nina ugomvi wa kudumu na desturi ya kuanza na makundi ya WhatsApp ya familia na ya mliosoma nao. Shangazi atabofya kwa upendo, atatazama sekunde kumi, atarudi kwenye maongezi yake. Video yako inahusu kutengeneza baiskeli, na dalili za kwanza ulizoupa mfumo ni za watu wasio na baiskeli waliokimbia mapema. Anza na wenye baiskeli. Shangazi atumiwe wiki ijayo.

Kwa hiyo kazi huanza kabla video haijatoka, na hapa nina utaratibu wangu ambao sikubali kuujadili. Pakia video wiki mbili kabla, na uiweke kuwa "haijaorodheshwa", yaani aione mwenye kiungo tu. Usiiweke ya faragha, maana ya faragha haiwezi kupachikwa, yaani kuwekwa ichezwe ndani ya tovuti ya mtu mwingine. Wape kiungo wanablogu wachache uliowachagua, waitazame kwa nafasi yao. Siku ya kuiweka hadharani kiungo kitabaki kilekile, na makala zao zinaweza kutoka siku hiyohiyo.

Lakini iwe imekamilika kwelikweli. YouTube haikuruhusu kuweka faili jipya la video chini ya kiungo cha zamani. Ukigundua jina la mdhamini limekosewa, itabidi upakie upya, upate kiungo kipya, na uwaandikie tena watu walewale kuwaomba radhi. Hakikisha pia umeruhusu kupachika, na kwamba muziki uliotumia hautadaiwa na mwenyewe. Video ikizuiwa kwa hakimiliki, katikati ya makala ya mtu aliyekutendea hisani kunabaki kisanduku cheusi chenye ujumbe wa kosa. Barua yako inayofuata hataifungua.

"Tuwatumie wanablogu mia tano, kumi hawatakosekana"

Anayesema hivi mara nyingi ni yuleyule wa kizuri chajiuza, wiki mbili baadaye, namba zikiwa hazijasogea. Safari hii ana faili la Excel lenye anwani alizozinunua au kuzikusanya, na anataka barua moja iende kwa wote kabla jua halijazama.

Hesabu yake inaonekana ya busara mpaka uisome barua yenyewe. Barua inayoweza kwenda kwa watu mia tano bila kubadilishwa neno haimhusu hata mmoja wao. "Habari, nimekuwa nikiifuatilia blogu yako nzuri kwa muda mrefu." Wa mapishi anaipata, wa magari anaipata, na yule aliyeacha kuandika miaka minne iliyopita anaipata pia, akiwa na maswali kuhusu hicho kilichokuwa kikifuatiliwa. Wanablogu wanaijua barua hii kwa moyo.

Kuna na gharama ambayo mteja haioni. Tangu Februari 2024 Google imekaza masharti kwa wanaotuma barua kwenye akaunti za Gmail, na mojawapo ni kwamba malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Katika watu mia tano, wawili tu wakibofya kitufe cha kuripoti umefika asilimia 0.4. Ukiendelea hivyo sifa ya anwani zote za kampuni yako inaharibika, na siku moja utashangaa kwa nini hata ankara unazowatumia wateja wako zinaangukia kwenye folda ya taka.

Mimi huanza na watu kumi na tano au pungufu, na wingi wa wafuasi wao siujali sana. Naangalia kama mtu huyo amewahi kupachika video ya mwingine, kwa sababu asiyepachika kamwe hataanza na yako. Naangalia kama wasomaji wake humjibu kwenye maoni. Naangalia tarehe ya makala yake ya mwisho. Mwenye wasomaji elfu mbili wanaoishi ndani ya fani yako atakuletea watazamaji wanaokaa mpaka mwisho. Mwenye laki mbili wanaofuata kila kitu atakuletea wapita njia.

Barua isomeke kwenye simu bila kusogeza kidole. Itaje makala moja aliyoiandika na kitu mahususi ndani yake. Kama huna cha kutaja, hujaisoma, basi usimwandikie. Kisha video inaonyesha nini, kwa dakika ngapi, na wasomaji wake watapata nini ambacho hawakuwa nacho. Sentensi hii ya mwisho nawalazimisha wateja waiandike wenyewe, na wengi hukwama hapo, kwa sababu mpaka dakika hiyo walikuwa wakifikiria watakachopata wao. Kitu cha namna hii kinatosha:

"Chini ya makala yako ya kubadilisha mnyororo, msomaji mmoja aliuliza atajuaje kama mnyororo umechakaa, na hakupata jibu. Video hii ya dakika nne inaonyesha namna ya kuupima kwa rula ya kawaida. Kiungo na msimbo wa kupachika viko hapa chini. Ukiona haikufai, hakuna tatizo."

Hapo hakuna sifa, hakuna alama tatu za mshangao, wala faili zito lililoambatishwa. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, halafu mwache mtu wa watu. Akikubali na makala ikatoka, nenda ukajibu maoni ya wasomaji wake siku hiyohiyo. Wateja hudhani kazi imeisha makala ikitoka, wakati mwanablogu ndiyo kwanza anaangalia kama ulimhitaji yeye au ukurasa wake tu.

Nyingine, kwa haraka

"Muhimu ni imetazamwa mara ngapi." Kwa hesabu ya nani? Facebook kwa miaka mingi ilihesabu baada ya sekunde tatu. X (Twitter ya zamani) huhesabu baada ya sekunde mbili, nusu ya video ikiwa inaonekana kwenye skrini. Video fupi za YouTube Shorts, tangu 31 Machi 2025, huhesabiwa pale tu zinapoanza kucheza. Ukijumlisha namba za mitandao hiyo kwenye ripoti moja umejumlisha vitu visivyo vya aina moja. Hata wenye mitandao hukosea: Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikiwaonyesha watangazaji wastani wa muda wa kutazama uliozidi ukweli, kwa sababu iliwaacha nje ya hesabu walioondoka kabla ya sekunde tatu. Mimi naanza na mchoro wa YouTube Studio, sehemu ya takwimu za mwenye chaneli, unaoonyesha watu wanaondokea wapi, kisha naangalia vyanzo vya nje, ambako kila tovuti iliyokuletea watu imetajwa kwa jina. Wateja wangu wengi hawajawahi kufungua ukurasa huo.

"Basi tununue watazamaji kidogo, ili ichangamke." Hapana. YouTube inakataza, huzifuta namba hizo, na inaweza kuiondoa video au chaneli yenyewe. Hata zisipofutwa, umelipia roboti zisizotazama, kisha unashangaa mfumo ukiamini kwamba video yako haitazamiki. Anayeniomba hili mara ya pili namrudishia faili lake.

"Hashitagi nyingi ndiyo siri." Zikizidi 60 kwenye video moja, YouTube huzipuuza zote. Weka mbili tatu zinazohusika, na muda uliobaki utumie kwenye kichwa cha video na picha yake ya jalada. Vilevile lile sanduku la maneno muhimu ambalo watu hulijaza kwa saa nzima, YouTube yenyewe inasema mchango wake ni mdogo.

"Tukimlipa mwanablogu, ni siri yetu." Si siri. Nchini Marekani mwongozo wa FTC, tume ya serikali inayosimamia biashara, wa mwaka 2009 ulisema wazi kwamba hata wanablogu wanatakiwa kueleza kama wamelipwa au wamepewa kitu, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana. Google nayo inataka kiungo kilicholipiwa kiwekewe alama ndani ya msimbo wa ukurasa, "nofollow" au ile ya "sponsored" iliyoletwa 2019, ili isikihesabu kama pendekezo la kweli. Kulipa hakuna ubaya. Mwanablogu akikwambia bei yake na akakwambia pia kwamba ataandika wazi kuwa ni tangazo, mlipe kwa furaha, huyo wasomaji wake bado wanamwamini. Anayekuahidi kuficha, kimbia.

"Video ni moja, tuiweke kila mahali." Iliyorekodiwa kwa mlalo, 16:9, ikiwekwa TikTok inakuwa utepe mwembamba katikati ya giza. Kata upya kwa wima, 9:16, weka maandishi kwa ajili ya wanaotazama bila sauti, na sekunde tatu za mwanzo zionyeshe jambo lenyewe. Nembo ya kampuni ikae mwishoni. Na tafadhali, kiungo kilichoandikwa kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibofyeki. Hakijawahi kubofyeka. Bado kuna watu wanaobandika pale anwani ndefu ya YouTube yenye herufi kubwa na ndogo zilizochanganyika, kisha wananipigia simu kuniuliza kwa nini hakuna aliyekuja.