Karatasi mbili za pete moja

Mama mmoja alifungua leso mezani kwangu, akatoa pete ya almasi na karatasi mbili. "Mwanangu, hapa pameandikwa milioni tisa. Sonara ananipa milioni tatu. Mwizi ni nani?"

Mwizi hakuna. Karatasi ya kwanza ilikuwa cheti cha GIA, maabara ya Marekani inayopima vito, na hata ukikisoma mara mbili hutakuta bei. Cheti kinaeleza jiwe tu: uzito, rangi, usafi, mkato. Milioni tisa zilitoka kwenye karatasi ya pili, tathmini ya bima. Bima inataka kujua pete ikipotea, nyingine mpya ya aina hiyo itanunuliwa kwa shilingi ngapi dukani, pamoja na ufundi, kodi na faida ya muuzaji. Sonara anayenunua ya mkononi hawezi kukulipa yote hayo, naye anataka kula. Ndiyo maana mthamini anayejua kazi huanza na swali: unaitaka tathmini ya nini? Bima, mirathi au kuuza? Asipokuuliza, beba pete yako.

Kwenye uzito watu wengi hujikwaa. Karati 18 ya dhahabu ni usafi, sehemu 18 kati ya 24. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Jiwe la 0.95 na la 1.00 ukiyavaa hakuna atakayeyatofautisha, lakini bei inaruka kwa sababu wanunuzi wanapenda namba kamili. Mimi ningechukua la 0.95 lenye mkato mzuri. Mkataji anayeng'ang'ania uzito hukuachia jiwe lililofifia. Ile almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui, Tanzania, aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, ilitoka ardhini na karati 54.5, ilipokatwa ikabaki 23.6, na hakuna aliyelia.

Rangi huanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano. (A, B na C zilirukwa kwa kuwa mifumo ya zamani ilikuwa imezivuruga.) Usafi hupimwa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona SI, yaani jiwe lenye kasoro ndogo, usikimbie. Tazama kwanza mchoro wa kasoro ulioko kwenye cheti. Doa la katikati linakera, la pembeni linafichwa na kucha ya pete, kile kijino kinachoshika jiwe.

Nikaishika pete kwa kibano chini ya taa. Kiunoni mwa jiwe, kwenye ule ukingo mwembamba, palikuwa na namba iliyochongwa kwa leza. Nikaisoma tarakimu moja moja, ikalingana na cheti, na kwenye tovuti ya GIA pia. Ila kando ya kucha moja niliona pengo dogo, jiwe limemeguka. Kwenye mchoro halikuwepo, maana cheti ni cha 2009 na pete imefua nguo miaka yote hiyo.

"Kwa hiyo milioni tatu ni haki?"

Nikamwambia aende kwa masonara wengine wawili, awaonyeshe cheti na lile pengo. Karatasi ya bima aiache nyumbani.